Mikono ikiinuliwa, nani ataiona?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na yale maelezo ya kazi uliyoyaambatanisha nilimwomba mdogo wako anisomee kwa sauti, maana maandishi ya simu yananishinda macho. Umeniuliza kama uikubali. Ukaongeza, kwa adabu lakini bila kumung'unya, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa askari, kwa hiyo nisikuletee mahubiri. Sawa. Sina mahubiri. Nina swali moja, ila itabidi univumilie nizunguke kidogo kabla sijalifikia.

Kama nimeelewa, kampuni hiyo inataka uandike programu itakayoiwezesha ndege ndogo isiyo na rubani imalizie safari yake yenyewe. Kwa sasa rubani anakaa kwenye handaki amevaa miwani ya video, anaiongoza ndege yenye kilipuzi kwa mawimbi ya redio. Adui naye ana mitambo ya kuvuruga mawimbi hayo. Ndege ikishuka karibu na shabaha mawasiliano yanakatika, picha inajaa chengachenga, ndege inaanguka bure. Huko Ukraine wamepata njia mbili za kulikwepa tatizo hilo. Ya kwanza ni uzi mwembamba wa fiberi unaobeba mawasiliano ya rubani na ndege, unaofunguka kutoka kwenye bobini kwa kilomita 10, 20, hata zaidi, na hakuna redio inayoweza kuuvuruga. Ya pili ndiyo hiyo unayoitiwa: rubani anaichagua shabaha wakati bado anaiona, kisha kamera na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya ndege vinaing'ang'ania mpaka mwisho, mawasiliano yawepo yasiwepo. Ndege yenyewe inagharimu dola mia chache. Kifaru inachokiunguza ni mamilioni. Naielewa hesabu hiyo, na namwelewa pia Mukraine anayeipiga, kwa sababu nchi yake imevamiwa. Sisi nasi mwaka 1978 tulivamiwa, na Mwalimu alipotuambia kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wazee wenzangu wanaosema vita vya siku hizi ni vya waoga, eti mtu anaua akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi siungani nao. Kama ni umbali, niliufahamu kabla hujazaliwa. Kule Kagera nilikuwa upande wa mizinga, kwenye roketi za BM-21, zile ambazo Waganda waliziita Saba Saba. Ni mirija 40 juu ya lori. Zote zinatoka kwa takribani sekunde 20 na zinakwenda mpaka kilomita 20. Aliyekuwa mbele anatutajia nambari za ramani kwa redio, tunapima, tunafyatua, tunahama upesi kabla hatujajibiwa. Mtu niliyemlenga sikuwahi kumwona. Rubani wa hiyo ndege yako anaona mengi kuliko nilivyoona mimi. Anaona kama mtu amebeba bunduki au ndoo, anaona kama anachechemea. Kwa hiyo usije ukadhani nakulaumu kwa sababu ya skrini.

Halafu ukaniletea hoja ambayo naona uliifikiria sana: mashine haina hasira, haifanyi ubakaji, haipori, hailipizi kisasi. Ukanitajia Masaka. Hapo umenishika pabaya.

Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 yaliua raia, yakapora mifugo na kiwanda cha sukari, yakalivunja daraja la Kyaka. Tulipovuka mpaka kwenda kwao tulivuka na hasira hiyo. Februari 1979 mizinga iliupiga mji wa Masaka, na baada ya kuutwaa, majengo yaliyobaki yakabomolewa kwa baruti. Hicho kilikuwa kisasi, sikipambi. Taarifa zilipomfikia Mwalimu alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena huko tuendako. Sisemi kwamba baada ya hapo tulikuwa malaika. Lakini Kampala haikufanywa Masaka, na sababu yake ni kwamba amri ile iliwafikia watu wenye masikio, na baadhi yao walikuwa tayari wanaona aibu.

Kwa hiyo hoja yako naikubali nusu. Hasira ya askari ni hatari, na sheria za vita kwa sehemu kubwa zimetungwa ili kuifunga kamba. Ila wewe unaihesabu hasira peke yake. Mtu huyohuyo anayekasirika ndiye anayechoka, anayeogopa, anayejiuliza, anayetupa bunduki. Kampala tuliitwaa tarehe 11 Aprili 1979 kwa upinzani mdogo, kwa sababu askari wengi wa Amin walikuwa wameshavua magwanda na kukimbilia kaskazini. Kukimbia kwao kuliokoa maisha ya wengi, wa kwao na wa kwetu. Vita vile vilimalizika kwa namna hiyo, na havikuwa vya kwanza. Kama kila askari wa Amin angekuwa kifaa kisichojua kuchoka, mimi na wenzangu tungefika Kampala lini, na tungeikuta na nini ndani yake?

Utanijibu kwamba binadamu naye hukosea hata akiona. Ni kweli, na mfano ninao. Tarehe 29 Agosti 2021 mjini Kabul, Wamarekani waliifuatilia gari nyeupe kutoka angani kwa muda wa saa nane hivi, wakaamini inabeba mabomu, wakaipiga. Waliokufa walikuwa raia 10, saba kati yao watoto, na aliyekuwa akiendesha alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Wiki chache baadaye jeshi lao lenyewe likakiri. Kamera zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, muda ulikuwepo. Kwa hiyo sikuambii kwamba jicho la mtu linatosha.

Nakuambia kitu kidogo zaidi ya hapo. Tarehe 26 Septemba 1983 ofisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alikuwa zamu kwenye kituo cha kuangalia makombora ya nyuklia. Kompyuta ikamwambia Marekani imerusha kombora moja, kisha mengine manne. Akaona jambo haliingii akilini: nani anaanza vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea. Mwanga wa jua juu ya mawingu ndio ulioidanganya setilaiti. Kompyuta ile haikuwa na hila yoyote, ilifanya kazi yake kama ilivyoandikiwa. Kilichotuokoa ni mtu aliyeruhusiwa kusita.

Sasa nalifikia swali langu.

Mwaka 2023, karibu na Bakhmut, askari mmoja wa Urusi alibaki peke yake kwenye handaki huku ndege ndogo za Ukraine zikimwelea juu. Alizitazama, akaanza kuwaonyesha marubani kwa ishara za mikono kwamba anasalimu amri. Waliokuwa upande wa pili wa skrini wakamwelewa. Wakamdondoshea karatasi ya kumwelekeza aifuate ndege, akaifuata katikati ya milipuko mpaka mikononi mwao, mzima. Nilipohadithiwa habari hiyo nilikaa nayo siku nyingi. Mimi kwenye lori langu nisingeweza kumwona mtu huyo. Teknolojia hiyohiyo ninayoitilia shaka ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu.

Kazi uliyoitiwa inaanzia pale mawasiliano yanapokatika. Rubani ameshachagua, picha imepotea, ndege inaendelea. Ndani ya sekunde hizo za mwisho, yule aliyelengwa akitupa bunduki na kuinua mikono, nani ataiona? Au akitokea mtoto kwenye njia, au ikibainika kwamba yule si askari hata kidogo, nani atageuza?

Hilo silitungi mimi. Ibara ya 41 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza kumshambulia mtu aliyeonyesha wazi kwamba anajisalimisha. Na kabla ya Geneva kuna wosia wa Abubakar Swidiq kwa jeshi lililokwenda Sham, ambao uliukariri madrasa ukiwa hujui maana yake: msiue mwanamke, mtoto wala mzee, msikate mti wenye matunda. Kila agizo katika hayo linadai kwanza mtu aangalie, atambue, ajizuie. Utaniambia kompyuta inaweza kufundishwa kutambua mikono iliyoinuliwa. Labda. Kwenye matope, kwenye moshi, usiku, mtu amelala chini amevunjika mkono mmoja? Wewe ndiye fundi, nijibu wewe.

Tena silaha inayoamua yenyewe si ngeni kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Bomu la kutegwa ardhini lilishakuwa hivyo: linangoja, haliulizi nani anakanyaga, halijui kama vita vimekwisha. Hapa Morogoro unawajua wale panya wa chuo kikuu cha SUA waliofundishwa kunusa mabomu. Ulipokuwa mdogo uliwacheka. Walipelekwa Msumbiji. Vita vya kule viliisha mwaka 1992, na nchi ikatangazwa kuwa imesafishwa mabomu mwaka 2015. Muda wote huo katikati watu waliendelea kupoteza miguu kwa uamuzi uliofanywa na askari ambaye huenda alishastaafu akasahau hata alilitega wapi. Nchi nyingi za dunia ziliyapiga marufuku mabomu hayo kwa mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, na mwaka 2025 nchi kadhaa zinazopakana na Urusi, Finland na Poland zikiwemo, zikaamua kujitoa kwa sababu ya hofu. Siwezi kuzicheka, anayelala karibu na simba ndiye anayejua kelele zake. Lakini ujue mikataba ina nguvu kiasi gani hofu ikiingia. Hizi silaha zenu bado hazina hata mkataba. Mazungumzo Geneva yalianza mwaka 2014, na Desemba 2024 nchi 166 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuunga mkono azimio la kuendelea kulishughulikia jambo hilo, tatu zikapinga. Kuendelea kulishughulikia! Wakati huo wenzako wanaandika programu usiku na mchana.

Na usijipoze kwamba hivyo ni vita vya Wazungu, vya mbali. Bomu la kwanza kudondoshwa kutoka kwenye eropleni vitani lilidondoshwa na Mwitaliano mwaka 1911, na lilidondoka Libya. Gesi ya sumu iliyokatazwa kwa itifaki ya mwaka 1925 ilimwagwa Ethiopia na Waitaliano haohao miaka kumi baadaye. Januari 2022 ndege isiyo na rubani ilipiga kambi ya waliokimbia makazi yao huko Dedebit, Tigray, ikaua zaidi ya watu 50. Septemba 2025 nyingine ikaupiga msikiti mjini El Fasher, Darfur, wakati wa swala ya alfajiri, wakafa zaidi ya 70. Hakuna anayelima fiberi wala anayefua kamera Darfur. Vitu hivi hutengenezwa kwingine, huuzwa, huibwa, huigwa, na vikishakuwa rahisi vinafika kwa kila mwenye ugomvi. Programu inasafiri upesi kuliko bunduki. Haihitaji hata meli.

Sikukatazi. Umri wako wa kukatazwa umepita, na hata ungekuwa mdogo nisingependa ukatae kwa sababu baba amesema. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kutia saini uwaulize hao waajiri wako: mawasiliano yakikatika, je, ndege inaweza kuandikiwa iiache shabaha, ikaanguke porini? Kama inaweza, nani anaamua iwe hivyo au isiwe: wewe, wao, au mnunuzi? Na mnunuzi akitaka kukiondoa kizuizi hicho, ataondoa mistari mingapi ya kile ulichoandika? Ikiua asiyestahili, jina la nani litaandikwa kwenye ripoti? Mimi Kagera nilikuwa na kamanda, na kamanda alikuwa na kamanda, mpaka kwa mtu tuliyemjua jina. Usiulize kwa ukali. Uliza kama fundi anayetaka kuijua kazi yake. Utawatambua wanaokujibu na wanaokuzungusha. Wakikuambia hayo si yako, yako ni programu tu, basi hapo umeshajibiwa.

Kuhusu mshahara, najua unavyotuwazia. Kiasi ulichonitajia kinaizidi pensheni yangu mara nyingi, na mama yako alipokisikia alinyamaza kwanza, halafu akauliza kama kuna kazi nyingine za ujuzi huohuo. Nikamwambia zipo, maana ulishawahi kunionyesha wanavyopima mashamba na kupeleka damu hospitalini Rwanda kwa ndege hizihizi. Paa letu linavuja upande mmoja tu. Ukiikubali kazi hii, ikubali kwa sababu zako, usitusingizie sisi.

Na ukishaamua, lolote lile, unipigie mwenyewe, usimtume dada yako. Jumapili usiku ni vizuri. Mchana nitakuwa shambani na huko mtandao haushiki.

Mama yako anakusalimu. Wadogo zako wanakuamkia.

Baba yako
Morogoro