Barua kwa wifi yangu: "Mbona naye anakubali?"

Wifi yangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha kimya. Basi nakuandikia hapa. Watakaosoma wasome.

Fadhila zako sijazisahau. Usiku niliojifungua, aliyekesha nami ni wewe. Ndiyo maana neno lako moja liliniuma kuliko vicheko vya darasa zima.

Walimwambia mwanangu: "Mwalimu amesema vua viatu, kasimame kwenye mlingoti wa bendera mpaka akuite." Akavua. Soksi akazikunja, akazitia ndani ya viatu, akaenda kusimama juani. Kengele ikalia, wenzake wakaingia darasani wanacheka. Yeye akaziba masikio, akaendelea kusubiri. Aliyempelekea agizo hilo ni binamu yake, mwanao. Nilikuja kwako kama mtu anavyokwenda kwa nduguye. Ukaendelea kukunja nguo zako, ukasema, "Mbona naye anakubali?"

Anakubali kwa sababu akiambiwa neno, analichukua kama lilivyo. Mzaha mara nyingi umo kwenye sauti na macho ya msemaji, na huko ndiko usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo aliyonayo, unakompa taabu. Tena alimwamini zaidi kwa kuwa ni binamu yake.

Halafu ukawaambia ndugu kwamba nimeanika ukoo mzima, eti kwa kuomba kuzungumza na darasa lake. Mtoto mwenyewe aliridhia. Niliwaambia wenzake kwamba akipunga mikono anajituliza, kwamba kelele zinamzidi, na kwamba anayetaka kucheza naye amweleze mchezo hatua kwa hatua. Mmoja akaomba kuketi naye. Siku hizi wanachora sayari pamoja, na wakianza utani wao, huyo ndiye anayewakemea. Mwalimu hawezi kuwa kila kona ya uwanja. Sasa niambie, ningenyamaza? Wewe uliyemfuata mwalimu mkuu hadi ofisini kwa ajili ya kalamu iliyopotea!

Mwanao usimchape, si mtoto mbaya. Ila alikuona ukicheka kule harusini, mwanangu aliporudiarudia tangazo la redio.

Na hizo jumbe zako, eti chanjo ndiyo iliyomletea usonji. Utafiti wa 1998 unaoushikilia, jarida lenyewe lililouchapisha, The Lancet, liliufuta mwaka 2010. Nilishakueleza. Zamani waliwalaumu akina mama, ati hawana upendo kwa watoto wao. Leo mimi nalaumiwa kwa kumpeleka mtoto kliniki. Nimechoka kutafutiwa kosa, wifi, na wewe ndiye uliyemshika mtoto huyu kabla hata ya baba yake.

Mlete binamu yake. Wangu bado anamuulizia, tena kwa majina yake yote matatu, na habari ya ugomvi hana. Akija, asimpe agizo kwa jina la mtu mwingine, hata kwa mzaha. Nawe mambo ya chanjo usinitumie tena.