Dona nayo hupandisha sukari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua turekebishe ushauri mmoja ulioenea kuanzia redioni hadi kwenye mabenchi ya kliniki: kwamba mwenye kisukari akiacha wali na sembe akahamia dona, kazi imekwisha. Ushauri huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi. Ubaya wake ni kwamba watu wanatazama rangi ya unga na kusahau wingi wake, na wingi ndio unaoamua mashine ya kupima sukari ya damu itasoma nini saa mbili baada ya kula.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu 75 hivi. Dona ya uzito huohuo ina gramu 70 hivi; kinachobaki ni nyuzinyuzi zaidi, mafuta kidogo ya kiini cha mahindi, na vitamini. Tofauti ni gramu tano. Sasa mtu aliyezoea ugali wa sembe wa gramu 100 anaambiwa dona ni dawa, naye anaongeza hadi gramu 150 kwa sababu dawa haina ubaya. Wanga wake umetoka 75 hadi 105. Sukari ikipanda, lawama inaiangukia mashine. Isitoshe, vinu vya siku hizi husaga dona laini kama poda, na unga laini uliosongwa ukaiva sawasawa humeng'enywa haraka, pumba zake zimo. Unga wa mtama na wa ulezi nao ni hivyohivyo: ni chakula kizuri, lakini wanga wake haupungui kwa sababu ya jina.

Basi mtu ale kiasi gani? Watu wazima wengi wenye kisukari cha aina ya pili huanzia wanga wa gramu 45 hadi 60 kwa mlo mmoja, kisha hupunguza au kuongeza kulingana na vipimo, mwili na kazi wanayofanya. Kwa ugali, unga wa gramu 50, yaani vijiko vikubwa sita vilivyosawazishwa, hutoa tonge moja kubwa lisilozidi ngumi ya mlaji mwenyewe, lenye wanga wa gramu 35 hivi. Nafasi iliyobaki ichukuliwe na maharage na tunda. Linganisha na sahani ya mgahawani: ukiuweka ugali wake kwenye mizani si ajabu ukute gramu 400, na humo wanga unafika gramu 100. Kwa wali, kanuni rahisi ni kwamba kikombe kimoja cha mchele mkavu, gramu 200, ni cha watu wanne. Chapati moja ya wastani imekaribia fungu la mlo mzima, kwa hiyo chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari si kifungua kinywa chepesi hata kidogo. Muhogo wa kuchemsha una wanga mara mbili ya viazi vitamu kwa uzito uleule. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa muhogo hauna utamu na kiazi kinao. Ulimi ni kipimo kibaya.

Uji ndio unaotutia wasiwasi kuliko ugali. Mgonjwa akidhoofika, jirani wa kwanza huleta uji wa lishe wenye nafaka nne au tano, karanga na soya. Unga wake umesagwa laini, umechemka muda mrefu, na haumpi mtu kazi ya kutafuna. Kikombe kikubwa hunywewa kwa dakika tano. Unga wa gramu 40 una wanga unaokaribia gramu 30. Weka vijiko vitatu vya chai vya sukari, umeongeza gramu 12 nyingine. Anayetaka uji asubuhi anywe kikombe kidogo bila sukari, aukamulie ndimu au autie mtindi usio na sukari, na atangulize yai la kuchemsha au konzi ya karanga. Asali haisaidii. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi, na sukari guru na sukari nyekundu ni sukari tu.

Juisi nayo, hata ya kukamua nyumbani, huchukua machungwa matatu au manne kujaza glasi moja, nyuzinyuzi zikabaki kwenye chujio. Chungwa moja lililoliwa na nyama yake lina wanga wa gramu 15 hivi. Kula hilo. Embe dodo kubwa lote laweza kuzidi gramu 40, kwa hiyo kata nusu au hata theluthi. Parachichi karibu halina neno. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 na zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, na hatuna la kuongeza hapo.

Kuna mpangilio wa mezani ambao haugharimu senti. Kula mboga na kitoweo kwanza, wanga mwisho, baada ya dakika kumi hivi. Mwili ukipata nyuzinyuzi na protini mapema, tumbo hutoa chakula polepole na kilele cha sukari hushuka. Kwetu shida ni kwamba ugali ndio kijiko: bila tonge, mchicha utaufikishaje mdomoni? Chukua kijiko cha kweli, anza na bakuli la kachumbari na nusu ya mboga yako, iwe matembele, kabichi au bamia, pamoja na samaki, kisha nawa mikono uingie kwenye ugali. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe kitoweo, robo iwe wanga. Ukimaliza, tembea dakika 10 hadi 15 badala ya kujilaza.

Makande yanastahili heshima zaidi ya inayopewa. Tatizo lake ni uwiano tu: nyumba nyingi huweka mahindi mengi na maharage ya kuhesabu. Geuza. Kikombe kimoja cha mahindi kwa viwili vya maharage au kunde, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Punje nzima humeng'enywa taratibu kuliko unga.

Ili ujue kama kiasi chako kinakufaa, pima mara mbili kwa mlo uleule: kabla ya kula, na saa mbili tangu tonge la kwanza. Wengi hulenga 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 baadaye, kwa kipimo cha milimoli. Ikipanda kwa zaidi ya 3, wanga wa mlo huo ulizidi. Vijiti vya kupimia ni ghali, basi chagua mlo mmoja unaokusumbua upime siku chache badala ya kupima ovyo. Osha vidole kwa maji na sabuni na uvikaushe. Kidole kilichomenya embe husoma sukari ya embe. Mashine ikikuonyesha 126 usizimie, huenda inasoma kwa miligramu: gawa kwa 18, utapata 7. Chipsi zina hila yake, mafuta huchelewesha wanga, kwa hiyo kipimo cha saa mbili huonekana kizuri na cha saa nne kikakuumbua.

Onyo moja kwa wanaotumia insulini, au vidonge vinavyochochea mwili kutoa insulini, kama glibenklamidi. Usipunguze wanga ghafla bila kumwambia anayekuandikia dawa. Dozi iliyopangwa kwa ugali wa gramu 400 ikikutana na ugali wa ngumi moja, sukari yaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, maneno kupotea. Hapo, mradi mtu ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ale chakula. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na mwenye matatizo ya figo asiongeze maharage na parachichi kabla ya kuuliza kliniki, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Tuna ombi kwako pia, Mhariri. Kurasa za mapishi za magazeti yetu bado zinaandika "unga kiasi", "mchele kiasi", "sukari kiasi". Tafadhali waandishi wako waweke gramu au vikombe, na waseme chungu hicho ni cha watu wangapi.

Wauguzi wa kliniki ya kisukari,
Morogoro