Risala ya Kikundi cha Wanawake Wanaopinga Ukeketaji kwa Mgeni Rasmi, Novemba 25

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na vijiji, wazee wa mila mlioitikia mwaliko (tumewaona, ahsanteni), walimu, wazazi na watoto,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwetu Mara siku hii zinapoanza Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Tunajua ratiba yako ni ndefu, hivyo historia tutaipitia mbiombio.

Kikundi kilianzishwa na akina mama saba chini ya mti. Leo tuko 31. Tumetoa elimu kata nzima, ukiacha vitongoji viwili ambako barabara haipitiki. Tumenunua viti 40 vya plastiki, kimojawapo hicho ulichokalia. Ngariba wawili wamesalimisha visu hadharani. Mmoja wao ndiye msimamizi wa jiko leo. Kitaifa, ukeketaji ulishuka kutoka wanawake 18 kati ya kila 100 mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022, nasi tunajihesabu miongoni mwa waliochangia, ingawa kwa Mara utafiti huohuo wa 2022 ulikuta 28.

Mheshimiwa, hapo ndipo tulipokusudia kufika.

Shule zinafungwa siku chache zijazo, na Desemba ya huku, msimu wa ukeketaji, unaijua. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kinachomlinda msichana wa chini ya miaka 18, kipo tangu 1998, kwa hiyo sheria hatukuombi. Ila binti anayetoroka saa nane za usiku, aliyechoka kuitwa msagane kwa kuwa hajakeketwa, anatafuta mlango wa kubisha. Mlango huo kwa sasa ni wa mweka hazina wetu: vyumba viwili na sebule. Desemba iliyopita walilala humo mabinti 19, wengine juu ya magunia ya mahindi, huku baba zao wakizunguka uani wakitaka warudishiwe watoto, maana ng'ombe wa mahari walishapangiwa kazi.

Jengo la hifadhi tumelianza wenyewe. Matofali tumefyatua, boma tukalipandisha mpaka kwenye lenta. Mwaka juzi, mgeni rasmi wa siku kama ya leo aliahidi mabati 120 na mbao za kenchi kabla ya mvua. Tukapiga makofi na vigelegele, tukapiga naye picha. Hatukumuuliza mvua ipi. Mwaka jana mgeni mwingine akasema ahadi ya mwenzake ameirithi, nasi tunaamini bado iko njiani. Ukuta wa mashariki umeanza kumeguka, na mbuzi wa jirani ndio wanaolala humo.

Kwa unyenyekevu tunaomba mabati hayo 120, mbao, na mlango mmoja wa chuma wenye komeo la ndani. Pikipiki na magodoro tumeviacha makusudi, tusije tukakupa nafasi ya kuchagua. Na kama fungu halipo, Mheshimiwa, tuambie leo hii, tuanze kuchangishana tukijua moja.

Boma liko nyuma ya ofisi ya kijiji, hatua mia mbili kutoka hapo ulipo. Nyasi tumefyeka. Tunaomba uanzie huko. Chakula kitapakuliwa ukisharudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi