Kombo, ibara ya tatu ndiyo itakayowaangusha

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Kwako swahiba Kombo,

Assalaam alaykum. Barua na rasimu ya katiba ya chama mnachotaka kuanzisha vimefika salama, na rasimu nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Salamu za nyumbani nitaziweka mwisho, maana najua unachokingoja.

Naanza na ibara ya 3, hapo ndipo jahazi linapopanda mwamba. Mmeandika kwamba lengo la chama ni "kutetea maslahi ya watu wa Tanga na Pwani." Mkiipeleka hivyo kwa Msajili wa Vyama vya Siasa hampati hata cheti cha usajili wa muda. Katiba ya nchi, ibara ya 20, inazuia kuandikishwa chama kinachopigania maslahi ya dini, kabila, rangi au "eneo fulani tu", na pia chama kinachokusudia kufanya siasa zake upande mmoja tu wa Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inarudia hayo hayo katika kifungu cha 9. Kwa hiyo hata jina mlilochagua, lenye neno Pwani katikati, linawashitaki kabla ukurasa wa kwanza haujafunuliwa.

Wala msidhani ninyi ndio wa kwanza. Mwaka 1992 Wazanzibari wa KAMAHURU, kamati iliyotaka vyama vingi, walikuwa na watu tele, lakini chama cha Visiwani peke yake kisingesajiliwa. Wakaungana na Chama cha Wananchi cha James Mapalala wa Bara, ikazaliwa CUF. Sheria ndiyo iliyowaoza.

Unanitolea mfano wa Kenya, kwamba Amason Kingi alianzisha chama cha PAA kule Kilifi na mwaka 2022 akaishia kuwa Spika wa Seneti. Sawa, lakini angalia alipita mlango gani. Katiba ya Kenya nayo, ibara ya 91, inakataza chama kilichojengwa juu ya misingi ya eneo. Sheria yao inataka wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani watu 24,000 katika kaunti 24. Kiti kile hakikuja kwa wingi wa kura za Pwani. Kilikuja kwa chama kuingia kwenye muungano wa vyama na kujadiliana mapema. Tena kule mtu asiye na chama anaruhusiwa kugombea. Kwetu, ibara za 39 na 67 za Katiba ya nchi zinataka mgombea urais na ubunge apendekezwe na chama. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki, lakini ibara zipo vile vile. Basi nakubaliana nawe kwamba bila chama hakuna pa kusimamia.

Sasa hesabu, na hapa usinikasirikie. Unasema Tanga tumepunjwa viti. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 2,615,597, na tuna majimbo 12. Gawanya, unapata watu kama 218,000 kwa mbunge mmoja. Bara nzima ina majimbo 222 tangu mgawanyo wa 2025, na wastani wake ni kama 270,000. Kwa idadi ya viti tumepata zaidi ya wastani. (Zanzibar ina majimbo 50 kwa watu chini ya milioni mbili, lakini hiyo ni hesabu ya Muungano, usiiguse kwenye mkutano wa hadhara.) Kudai jimbo jipya nako kugumu: mgawanyo ule ulitumia kigezo cha watu 600,000 mjini na 400,000 vijijini, na maombi hupanda kutoka halmashauri hadi kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo yafike Tume ya Uchaguzi. Jiji la Tanga halijafika laki sita. Kwa hiyo malalamiko ya Chongoleani linakoishia bomba la mafuta, ya bandari na ya mashamba ya mkonge ni ya kweli, ila dawa yake haimo katika kuongeza viti. Wabunge tunao. Tunachokosa ni wabunge wenye pa kujadiliana.

Kuna namba nyingine ambayo kwenye rasimu yenu haimo kabisa: asilimia 5. Viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchi nzima. Tanga ni asilimia 4.2 ya watu wote wa Tanzania. Maana yake, hata kila mpiga kura wa mkoa huu akiwapa ninyi, kuanzia Horohoro hadi Kilindi, na watu wakijitokeza sawa na mikoa mingine, mnabaki chini ya mstari. Ukiongeza Mkoa wa Pwani mnafika asilimia 7.5 hivi, hapo mnahitaji theluthi mbili ya kura za mikoa yote miwili ili mguse 5. Nani aliyewahi kupata theluthi mbili Chalinze na Lushoto kwa mkupuo mmoja katika uchaguzi wake wa kwanza? Chama cha mikoa miwili ni mtumbwi wa mtu mmoja.

Lakini hapa hapa pana mlango. Usajili wa kudumu unataka wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na miwili kati yake iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Sasa hesabu nami kwa vidole: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara. Ng'ambo: Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba, Kusini Pemba. Kumi kamili, na yote inaona bahari! Kwa idadi mnapita bila kwenda Dodoma. Tatizo ni kwamba mkoa mmoja ukikwama hamna wa akiba, na Msajili akiona ramani hiyo pamoja na ibara ya 3 mliyoandika, ataunganisha mwenyewe. Ongezeni Morogoro na Kilimanjaro, kisha Mwanza au Kigoma. Ibara ya 3 iandikeni kwa kazi badala ya mahali: wavuvi, wakulima wa mazao ya biashara, wafanyakazi wa bandari, ardhi ya vijiji. Mvuvi wa Ukerewe ana kilio kile kile cha nyavu na leseni kama wa Pangani. Hapo chama ni cha nchi nzima, na nguvu yake inabaki huku.

Cheti cha muda kina siku 180 tu. Kinawaruhusu kufanya mikutano ya kujitangaza na kuandikisha wanachama, kwa taarifa polisi saa 48 kabla, lakini hakiwaruhusu kusimamisha mgombea. Siku hizo huisha haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo waandikishaji wa kila mkoa wawe wamepatikana kabla ya kuomba cheti. Lengo lenu liwe watu 260 kila mkoa. Zile 60 ni za kufidia, maana wakati wa uhakiki leja ya wanachama hupungua: mtu mmoja kaandikwa mara mbili, "Fatuma Juma" huku na "Fatma J." kule, kijana wa miaka 17 kajipenyeza, mwingine ana kadi ya chama kingine mfukoni, mwingine kahamia Dar. Kila mstari wa leja uwe na jina kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, tarehe ya kuzaliwa, mtaa au kijiji, kata, namba ya kadi ya chama, na saini au dole gumba. Mwandiko wa mkono mmoja ukurasa mzima pamoja na saini zote humtia mhakiki shaka, hata kama watu ni wa kweli. Viongozi wa kitaifa nao lazima watoke pande zote mbili za Muungano. Rasimu yenu ina majina ya Bagamoyo na Muheza matupu. Pemba tuna ndugu, anzeni Wete.

Ibara ya 41, ya kujiuzulu kwa mwenyekiti, ina mistari miwili. Haitoshi hata kidogo. Profesa Lipumba aliachia uenyekiti wa CUF Agosti 2015, mwaka uliofuata akarudi kudai kiti, Msajili akamtambua, na ugomvi ukaenda mahakamani hadi Machi 2019. Maalim Seif, katibu mkuu, na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga. Andikeni wazi: barua ya kujiuzulu inapokewa na nani, inaanza kazi siku gani, inaweza kufutwa au haiwezi, na nani anakaimu kwa muda gani.

Nirudishie ibara za 3 na 41 kwanza, nyingine zitangoja. Na yule fundi wa mihuri uliyesema umeshampa malipo ya awali, mwambie asichonge bado, jina litabadilika.

Mama anakusalimu, anauliza ile mikeka ya ukili.

Wako,
Mwinyi