Mtutu wa bunduki hautaki chuma kigumu kupita kiasi

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu bunduki za kulengea shabaha ilinifurahisha, maana ni nadra kusoma habari za vyuma kwa Kiswahili. Lakini yapo mambo mawili ambayo mimi, mtu wa tanuri na mashine ya kukereza, siwezi kuyanyamazia. Mwandishi alisema mtutu hutengenezwa kwa chuma kigumu kuliko vyote, na kwamba stenlesi, chuma cha pua kinachostahimili kutu, ndiyo bora kwa kuwa haishiki kutu kabisa. Vijana wanaojifunza ufundi wanalisoma gazeti hili, na watayabeba maneno hayo hadi karakana.

Nianze na ugumu. Chuma kinachotumika sana kwa mitutu ni kile mafundi wanachokiita 4140, pamoja na ndugu yake 4150. Tarakimu mbili za mwanzo zinataja ukoo, yaani chuma chenye kromiamu na molibdeni. Mbili za mwisho zinataja kaboni, asilimia 0.40 au 0.50 hivi. Kromiamu yenyewe huwa karibu asilimia 1, na molibdeni kama 0.2. Ni vidogo, lakini vina kazi kubwa: huwezesha chuma kinene kukomaa, yaani kuwa kigumu, hadi ndani badala ya kukomaa ngozi tu, na molibdeni hukisaidia kisilegee upesi kinapopata moto.

Sasa chukua kipande cha 4140, kipashe hadi kiwe chekundu, kisha kitie maji kama wahunzi wanavyosema, ingawa kwa chuma hiki tunatumia mafuta. Kikitoka hapo kinapita 50 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Tupa inateleza juu yake kama inasugua kioo. Kwa maneno ya mwandishi wako, hicho ndicho kingefaa. La hasha! Mtutu wa chuma cha namna hiyo unaweza kupasuka vipande bila onyo lolote. Ndiyo maana hurudishwa tanurini kwenye nyuzi 600 za Selsiasi hivi, ili ugumu wake ushuke hadi kati ya 26 na 32 kwenye kipimo kile kile cha Rockwell C. Hapo tupa inauma, keekee inapita, na chuma kikizidiwa hujivuta kwanza kabla ya kukatika. Huko kujivuta ndiko kunakolinda uso wa mpigaji. Tukumbuke kwamba risasi ya 7.62 × 51, yaani ya kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 51, inapolipuka, shinikizo ndani ya mtutu linaweza kuzidi mara 4,000 ya lile la hewa inayotuzunguka.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama. Bunduki zao za Springfield za mfano wa 1903 zilikuwa na udhaifu, si kwenye mtutu bali kwenye mwili unaoushika mtutu na komeo. Mafundi walikuwa wakikadiria joto kwa macho, kwa kuangalia rangi ya chuma motoni. Siku ya jua kali chuma huonekana bado hakijaiva, kumbe kimeshaungua. Baadhi ya bunduki zilipasuka, na mwaka 1918 utaratibu wa kutia moto ukabadilishwa. Chuma kilikuwa kile kile, kilichobadilika ni moto.

Kuhusu stenlesi, inayotumika kwa mitutu kwa kawaida ni ya jamii ya 416, yenye kromiamu asilimia 12 hadi 14. Inachelewa kushika kutu, lakini ukiiacha na unyevu na chumvi itashika. Sinki la jikoni ni stenlesi ya jamii nyingine, yenye kromiamu nyingi zaidi pamoja na nikeli, wala haitiwi maji ikakomaa. Isitoshe, 416 imeongezwa salfa ili ikatike vizuri. Mkerezaji anaijua papo hapo: chembe zake hudondoka fupi fupi, hazijivuti kama utepe na kujizungusha kwenye kisu cha mashine. Uzuri huo una gharama yake. Salfa hiyo hushikana na manganizi, na chuma kinapovutwa kuwa nondo, vijisehemu hivyo hurefuka kufuata urefu wa nondo, yaani kufuata mstari ule ule ambao shinikizo hutaka kuupasua mtutu. Kwa sababu hiyo ikatengenezwa 416R, yenye salfa iliyopunguzwa, mahususi kwa mitutu. Hata hiyo watengenezaji huonya isitumiwe kwenye baridi kali sana, kwani hupungua uwezo wa kuhimili kishindo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba makala ilimruka Harry Brearley. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, bwana huyu alikuwa akitafuta chuma cha mitutu kisicholiwa upesi na moto wa baruti. Akaona kwamba sampuli yenye kromiamu asilimia 12.8 haikubali kuliwa na tindikali. Chuma hicho ndicho stenlesi, na vilivyonufaika kwanza ni visu vya mezani.

Ugumu una mahali pake, nao ni kwenye ngozi ya ndani. Bunduki za M16 za jeshi la Marekani zilizopelekwa vitani Vietnam awali hazikuwa na kromu, yaani utando wa kromiamu, kwenye chemba ya risasi, na unyevu wa kule ukachangia kutu na kukwama. Baadaye chemba ikapakwa kromu, kisha tundu zima la mtutu. Kromu ile ni ngumu kupita chuma chochote nilichotaja, lakini ni utando mwembamba tu juu ya mwili unaoweza kujivuta.

Naomba, Mhariri, mkirudia habari hii mchapishe jina la chuma, kipimo cha ugumu wake, na kama ndani kumepakwa kitu au la. Mengine msomaji wa karakana atajipimia mwenyewe.

Wako,
Fundi wa tanuri na ukerezaji