Miwani ya nyaya darasani

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne viungani mwa Nakuru. Muhula uliopita niliacha kuwachoresha watoto chungu na ua, nikawaonyesha picha za kazi za Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anayeunda miwani kwa nyaya, vijiko na vyuma vilivyotupwa. Niliwasimulia kwamba utotoni alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Darasa zima lilinyamaza. Wanafunzi wangu wanalijua vyema jibu la namna hiyo.

Wiki iliyofuata walileta vifuniko vya soda, nyaya za redio mbovu, vifungo vya makoti. Kwanza tulisugua kutu na kukunja ncha za waya kwa ndani, maana jicho halina spea. Msichana mmoja ambaye hufuta kila mstari anaochora alizungushia waya kichujio cha chai kilichotoboka, akapata jicho moja kubwa la wavu. Hakuomba kifutio. Waya ukikosewa unapindwa upya, basi.

Mzazi mmoja alilalamika kwamba tunawafundisha watoto kuokota taka. Nilimwita aje aone, akabaki hadi kengele ikalia.

Ombi langu ni kwa wasanii walio karibu na shule za msingi: njooni. Picha ya simu watoto arobaini huitazama kwa zamu, na mikono ya fundi haionekani humo. Sisi somo letu ni Ijumaa alasiri.

Mwalimu wa Sanaa,
Nakuru