Kiwango cha mchango ndicho kinachotufanya tusitosheke

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala iliyotoka katika gazeti lako wiki iliyopita, iliyosema Mtanzania wa leo hatosheki, kila akipata anataka tena, na kwamba enzi za Mwalimu Nyerere watu waliridhika na kidogo. Mimi ni mhazini wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kihonda, Morogoro. Uchumi sikuusomea. Nilicho nacho ni daftari, na ufunguo mmoja kati ya zile tatu za sanduku.

Hizo enzi nilikuwepo. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, nilikuwa shule ya msingi, na kazi yangu nikitoka darasani ilikuwa kushika foleni ya sukari na sabuni. Wazazi walikuwa na mshahara, ila madukani hamkuwa na cha kununua. Kwa hiyo watu hawakugombania fedha, waligombania mche wa sabuni na doti ya kitenge. Mwenye shemeji anayefanya kazi RTC, kampuni ya serikali ya kusambaza bidhaa mkoani, alikuwa tajiri kuliko mwenye mshahara mnono. Anayesema watu waliridhika hakusimama foleni ile.

Nirudi kwenye daftari. Kikoba chetu ni kama vingine: mwanachama ananunua hisa kila wiki, akibanwa anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, wenzake wanamdhamini, anarejesha na riba, na Desemba tunavunja tunagawana. Kwenye fomu ya mkopo kuna mstari wa kuandika sababu. Ukisoma fomu zangu utadhani Kihonda nzima ni wafanyabiashara. Biashara. Kuongeza mtaji. Biashara. Mama anayeuza dagaa na mwalimu wa sekondari wanaandika lilelile, kwa sababu wanajua mkopo wa biashara haupingwi kikaoni. Lakini mimi ndiye ninayehesabu noti mezani, na mtu anayesubiri kuhesabiwa fedha zake huwa anasema kweli. "Dada, hapo natoa ada ya mtoto, natoa ile ya sendofu ya mtoto wa bosi, itakayobaki ndiyo nikachukulie dagaa."

Ada, hospitali na kodi ya nyumba hazina ujanja, sizisemei. Nataka kuisemea hiyo ya katikati, mchango wa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, na wa harusi yenyewe.

Kadi ya mchango inakufikia imeandikwa jina lako, na chini yake kiwango: singo, ya mtu mmoja, Sh50,000; dabo, ya watu wawili, Sh100,000. Siku hizi hata hapa Morogoro nimeanza kupokea za singo Sh100,000, kana kwamba sote tunaishi Masaki, kwa matajiri wa Dar es Salaam. Mimi niliolewa miaka ya tisini. Aliyekuwa na mchele alileta mchele, aliyekuwa na kuku alileta kuku, asiyekuwa na kitu alikuja kukatakata vitunguu tangu alfajiri, na wote walikula sahani moja. Sasa mkata vitunguu hana nafasi, kuna mpishi wa kukodi anayelipwa kwa sahani. Kuna ukumbi, mapambo, MC, mpiga video na keki. Kabla ya harusi yenyewe kuna kicheni pati, na kabla ya sendofu kuna sare ya kushona. Kisha usiku, kundi la WhatsApp la kamati linatuma orodha: jina, ahadi, alicholipa, deni. Deni! Hukukopa kwa mtu, hukula cha mtu, lakini umo kwenye safu ya wadaiwa, na mama mkwe wako naye ni mwanakundi.

Hapo ndipo mtu anapokuja kwangu kuandika "biashara".

Msiba ni tofauti, na jambo hili ningependa mwandishi wenu alitazame. Mtaani kwetu daftari la msiba hupita bila kiwango. Mwenye Sh2,000 anaandika Sh2,000 juu ya mwenye Sh20,000, na hakuna anayemtazama mara mbili. Miaka yote niliyoshika uhazini hajatokea mwanachama aliyekopa kikobani ili akatoe rambirambi kwa jirani. Watu ni walewale na mifuko ni ileile. Kinachobadilika ni kiwango tu.

Mwandishi ameandika pia kwamba mishahara ikipanda, mahitaji ya watu nayo hupanda. Hilo nimeliona, ila si kwa namna aliyoieleza. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Tunaye mwanachama ambaye ni mhudumu katika ofisi moja ya umma, na siku ile alishangilia hadi sauti ikamkauka. Nilidhani jina lake litapungua kwenye ukurasa wa mikopo. Wapi. Sheria inataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, kwa hiyo mshahara ukipanda, nafasi ya kukopa nayo inapanuka, na waliokuwa wa kwanza kumkumbusha hilo walikuwa wakopeshaji. Wa pili walikuwa wanakamati wa harusi ya mpwa wake: "Nyie wa serikali mmeongezewa, singo haikufai tena." Nyongeza ilikuwa bado haijaingia benki, nayo imeshagawanywa na watu ambao hawakuwahi kufagia ofisi ile hata siku moja. Leo anasema mshahara hautoshi. Nani atamwambia ana tamaa? Na heri anakuja kwetu, kwa sababu wenzake wengine wameishia kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba ya kunyonya.

Wapo wenye njaa ya fedha isiyo na mwisho, mwenye viwanja kumi anayewania cha kumi na moja ili tu kisiende kwa mwingine. Hao hawakopi kwetu, siwajui vizuri.

Isieleweke kwamba napinga kuchangiana. Mkono mtupu haulambwi, na kila mama wa umri wangu ana daftari lake la siri: nani alinichangia, nani nilimchangia, kiasi gani. Ni akiba ya aina yake. Ukimchangia mwenzio leo, siku ya mwanao anakurudishia. Tatizo ni kwamba kila anayerudisha anatakiwa arudishe kwa kiwango cha leo, si kile cha miaka mitano nyuma. Kwa hiyo hata asiyependa makubwa analazimika kuyatafuta, ili asibaki na aibu.

Mwezi uliopita nilipeleka hoja kikaoni kwamba kikoba kisitoe tena mkopo kwa ajili ya mchango wa harusi wala sare, na kwamba wadhamini waulizwe ukweli kabla ya kuweka sahihi. Hoja ilikataliwa. Aliyeipinga kwa nguvu zaidi ni mwanachama ambaye binti yake anaolewa Desemba, na kusema haki simlaumu, maana ninajua ni watu wangapi amewachangia na ni wachache kiasi gani wamekwisha kumrudishia. Alisema tubadilishe utaratibu baada ya harusi ya mwanawe. Akakaa. Akasimama mwingine akasema baada ya ya kwake pia.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aanzie kwenye kikao cha kamati ya harusi, Jumapili moja jioni, aulize kiwango kimepangwa na nani na kwa hesabu ipi. Mimi niliuliza, nikaambiwa ndivyo vinavyokwenda siku hizi, halafu nikaulizwa ahadi yangu ni shilingi ngapi.

Mhazini wa kikoba,
Kihonda, Morogoro